Kwa Nini Ukili wa Kwanza Hufumuliwa

Nyinyi mliojikalia raha juu ya mkeka huu, jueni kwamba zamani mikeka yetu yote ilikwenda upande. Mtu alilala ukutani akaamkia mlangoni, na hakuna aliyelalamika. Kufumua ukili, ule ukanda wa majani unaosukwa kisha kushonwa kuwa mkeka, kulikuwa mwiko. Wazee walisema jani likishakunjwa limekubali, na anayelikunjua anaita kisirani nyumbani. Basi mkono ukikosea, ulisonga mbele na kosa lake.

Wakati huo Bi Mize alikuwa akimsukia bintiye, Mkasi, mkeka wa harusi. Mama humpa binti mkeka huo akalalie kwenye nyumba ya watu, na Mize hakuwa na kingine cha kumpa. Alisuka ukili, akautandaza uani, akaona umepinda tangu mwanzo. Moyo ukamuuma.

"Shona hivyo hivyo, mwenzangu," jirani yake, Bi Shinuna, alimwambia. "Kitanda hakisemi."

"Mwanangu atasema," Mize alijibu. "Tena atasemea moyoni, nisimsikie."

Akafumua. Shinuna alitoka mbio utadhani nyumba inaungua.

Mize akasuka upya. Ukili ukapinda tena, ila kidogo, naye akaufumua tena. Sasa majani yalikakamaa, mengine yakakatika, mpaka akalia kwa hasira. Kwa kuwa hakuwa na mengine, aliyanyunyizia maji akayaacha kivulini. Alipoyashika tena yalikuwa laini kuliko siku aliyoyakata, na mikunjo ya zamani ilivionyesha vidole pa kupita na pa kuepuka. Safari hii ukili ulinyooka, na Mize akashona mkeka huku akiimba.

Siku ya harusi mkeka ulitandikwa chumbani, kila pembe mahali pake. Shinuna akaupapasa, akakuta mistari hafifu kwenye majani.

"Na hii nini?"

"Ndizo kili nilizofumua," Mize akasema. "Zote zimo humu."

Mkasi akajilaza, akajigeuza huku na huku, akaangua kicheko. "Mama, siporomoki!"

Shinuna alikwenda kwake akafumua ukili wake.

Na tangu siku hiyo, mwanamke wa kwetu akianza mkeka wa harusi hufumua ukili wa kwanza, hata uwe umenyooka, akaulowesha na kuusuka tena. Haya, tazameni hapo mlipokalia. Mistari hiyo hafifu si uchakavu. Mkeka huu nilipewa na mama yangu nilipoolewa, na mpaka leo sijaporomoka.