Kwa Nini Namba Moja Inaitwa Mwantumu

Zawena, mkwe wangu, weka hiyo rimoti chini kwanza. Tamthilia yako siikatai, na mimi mwenyewe naifuata, yule mume mwongo naisubiri kwa hamu siku atakayoumbuka. Iweke namba mbili, iweke namba kumi, popote roho yako ipendapo. Namba moja ya nyumba hii haiguswi, wala si ya nyumba hii peke yake. Zunguka Kwemlandi yote, ingia kwa tajiri, ingia kwa fukara, washa televisheni yoyote: namba moja utakuta ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki, na ukiuliza hiki ni kituo gani utaambiwa ni Mwantumu. Wewe umeolewa kutoka mbali, huna kosa. Kaa hapa, na nyinyi watoto sogeeni, acheni kusukumana, niwaambie ilikuwaje.

Zama hizo namba hazikuwa na wenyewe. Simu za mkononi zilikuwa bado, na televisheni zenyewe zilikuwa za kuhesabika. Akatokea mtu mmoja, Mhina, akatega dishi kubwa juu ya paa karibu na soko, akaanza kuvuta nyaya juu ya mapaa ya watu, nyumba hadi nyumba. Ndiyo kebo hiyo. Aliyefungiwa waya alipata vituo kadhaa, vya hapa nchini na vya ughaibuni, lakini hakuna aliyemwambia kipi kikae wapi. Kila mwenye nyumba alipanga anavyotaka. Mwenye kupenda mpira alianza na mpira, mwenye watoto alianza na katuni, na shekhe wetu alianza na Makka. Majina nayo tuliyatunga wenyewe, kwa sababu ya wenye vituo yalikuwa magumu kutamka. Kulikuwa na Mieleka, kulikuwa na Wanaolia, ndizo tamthilia hizo, na kulikuwa na Ubao.

Ubao ulikuwa wa Mhina mwenyewe. Alitundika ubao wa shule chumbani kwake, akaweka kamera mbele yake, na humo akawa anaandika habari za mji: nani kapoteza mbuzi, harusi ya nani imesogezwa mbele, nani kafariki na maziko yanatoka wapi na baada ya sala gani. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, hilo tusimnyime. Watu waliupenda Ubao kuliko hata mpira, maana binadamu anapenda kujua habari za mwenzake.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo tulipoharibu. Kabla ya kebo, mtu akifa hapa Kwemlandi, kazi ya kwanza ilikuwa kupeleka miguu. Kabla hata maji ya kuoshea hayajatekwa, watu walitoka, wakapita mlango kwa mlango: hodi, fulani ametutoka, tunazika baada ya alasiri. Wa kwanza kuendewa alikuwa mtoto wa marehemu, na aliyemwendea hakusimama mlangoni, aliingia, akaketi naye, kisha akatoka naye. Ulipokuja Ubao tukaona miguu ni usumbufu wa bure. Ukimuuliza mtu mbona hukunipa habari, alikujibu, "Kwani hukuona ubaoni?" Na wewe ndiye ukaona haya, kana kwamba kosa ni lako.

Mwantumu alikuwa mtoto pekee wa Bi Hidaya. Bi Hidaya aliishi upande huu wa mji, na Mwantumu aliolewa Ng'ambo ya Reli, na mumewe alifanya kazi hukohuko relini, wiki yuko nyumbani, wiki yuko bara. Mama na mwana walipendana kwa namna ya kuudhi wengine. Mwantumu alikuwa hali chakula kipya mpaka kwanza ampelekee mamaye. Akajifungua mtoto wa kike, na kama mnavyojua, mzazi wa arobaini hatoki nje. Ndani ya arobaini hiyo Bi Hidaya akaugua, akalala kitandani asiinuke tena.

Alijua anakwenda. Akamwita mdogo wake, Bi Chausiku, akamwambia, "Mimi sina mali ya kuusia. Nina neno moja tu. Asinioshe mtu mpaka Mwantumu afike. Mimi nilikuwa wa kwanza kumwosha alipokuja duniani, naye aje anitoe." Bi Chausiku akaahidi. Wapo waliosema mzazi wa arobaini haoshi maiti, shekhe akaulizwa, akajibu kwamba hakuna kizuizi, mwacheni mtoto amhudumie mama yake. Kwa hiyo hapo hapakuwa na tatizo lolote.

Bi Chausiku akaenda Ng'ambo kumtazama Mwantumu. Mwantumu alikuwa tayari amejifunga kanga ya pili, amembeba mtoto, anataka kutoka kumwendea mama yake. Bi Chausiku akamkalisha chini. Akamwambia, "Mwanangu, usitoke na kichanga kwenye upepo huu. Mama hajambo kidogo. Si mmefungiwa waya nanyi? Basi washa televisheni, shinda namba nne. Likitokea lolote tutaandika, nawe uje hima." Mwantumu akasema, "Namba nne, mama mdogo?" Akajibiwa, "Namba nne, usiibandue."

Na ni kweli, nyumbani kwa Bi Hidaya namba nne ilikuwa Ubao. Bi Chausiku hakusema uongo. Alidhani namba ni kama siku za wiki, kwamba Ijumaa ya kwangu ndiyo Ijumaa ya kwako. Ng'ambo ya Reli kebo ilikuwa imefika juzijuzi tu, na mume wa Mwantumu ndiye aliyepanga vituo kabla hajaondoka. Yeye Ubao aliuweka namba tisa. Namba nne kwake kulikuwa na kituo cha Wazungu waliokuwa wanaoka mikate.

Bi Hidaya akakata roho asubuhi. Ubaoni pakaandikwa mara moja: Bi Hidaya amefariki dunia, Mwantumu anasubiriwa kumwosha mama yake, maziko baada ya adhuhuri. Maji yakatekwa, sanda ikakatwa, wanawake wakakaa ndani wakingojea. Adhuhuri ikasaliwa. Mwantumu hakuja. Bi Chausiku akasema tumpe nafasi, ana mtoto mchanga, huenda anajitayarisha. Akatumwa mtu kwa Mhina. Watoto, nisikilizeni hapa. Akatumwa mtu kwa Mhina, hakutumwa kwa Mwantumu. Mhina akafuta ubao, akaandika tena kwa herufi kubwa zaidi.

Mimi sikuwepo siku ile, nilikwenda kumuuguza dada yangu Handeni. Haya nayasema kwa kuambiwa na waliokuwepo, na kila mmoja anaikata hadithi pale anapoingia yeye. Lakini wote wanakubaliana kwamba kutoka nyumba ya msiba mpaka Ng'ambo ya Reli ni mwendo ambao mtu hutumwa chumvi na akarudi mchuzi haujachemka. Hakuna aliyenyanyuka. Ngoja ngoja huumiza tumbo, nao walikaa pale wakiutazama Ubao, wakitikisa vichwa kwamba mbona mtoto haji, na sasa ameandikiwa kwa maandishi yanayosomeka hata na kipofu.

Kisha yakaanza maneno. Mmoja akasema labda ameogopa maiti. Mwingine akasema aa, wale walikuwa wanajionyesha tu, mapenzi ya kweli hujulikana siku kama hii. Ikasaliwa alasiri, na Mhina akafuta, akaandika kwa mara nyingine, jina la Mwantumu peke yake limejaa ubao mzima. Majirani zake kule Ng'ambo waliliona. Walipita mbele ya nyumba yake, wakasikia televisheni inaongea ndani, wakasema mwenyewe anatazama, ameshaona. Wengine wakaona ana moyo mgumu na wakapita upande wa pili wa njia.

Naye Mwantumu alikuwa wapi? Alikuwa amekaa mbele ya namba nne tangu alfajiri. Hajui lugha yao, hajui wanachokisema, anawatazama wanakanda unga, wanatia tanurini, wanatoa, wanakanda tena. Alidhani habari ya mama yake itapita katikati, kama tangazo la biashara linavyopita. Alimnyonyesha mtoto akiwa ameikazia macho. Chakula hakupika, akiogopa kwenda jikoni. Watoto wa jirani walikuja wakimwomba, "Shangazi, tuwekee katuni," akawafukuza, yeye ambaye hakuwahi kumfukuza mtoto wa mtu. Na kila saa iliyopita bila habari, moyo wake ulitulia kidogo. Akawa anamwambia yule mtoto, bibi yako hajambo, ndiyo maana hawajaandika.

Maiti haisubiri kama walio hai. Shekhe akasema sasa basi, haki ya maiti ni kuharakishwa. Bi Hidaya akaoshwa na watu baki. Bi Chausiku alishika kata ya maji, akaikumbuka ahadi yake, akampa mwingine. Wakamzika jua likiwa linazama, na kaburi likawekwa udongo wa mwisho mtoto wake wa pekee akiwa nyumbani anatazama mikate.

Magharibi ilipoingia, mama mmoja wa Ng'ambo akirudi kutoka msibani alimwona Mwantumu mlangoni, ametoka kuanua nepi. Alikuwa amekusudia kupita bila kusema neno, lakini ubinadamu ukamshinda. Akasema, "Pole, Mwantumu." Mwantumu akacheka kidogo, akasema, "Asante, bibi, tumeshazoea, usiku halali huyu." Yule mama akamtazama. Akamuuliza, "Mwanangu, hukuwasha televisheni leo?"

Wanasema hakulia njiani. Alivuka reli na mtoto mgongoni, akaingia nyumba ya mama yake. Kitanda kilikuwa kimeshaegemezwa ukutani. Televisheni ilikuwa bado inawaka, na Mhina kwa haraka ya kwenda makaburini hakuwa amefuta ubao, kwa hiyo jina lake lilikuwa palepale. Alilisoma. Akauliza, "Hii ni namba ngapi?" Bi Chausiku akamjibu kwa sauti ndogo kwamba ni namba nne. Mwantumu akasema, "Kwangu namba nne wanaoka mikate." Hapo ndipo akakaa chini, na wale waliokuwa wamemsema mchana kutwa wakawa hawana pa kuweka nyuso.

Alilia kwa siku nyingi, na kilio chake kilikuwa na neno moja. Hakusema nimefiwa. Alisema, "Alinisubiri. Alilala pale ananisubiri." Mngemwambia nini? Sisi tuna pole za kila namna, lakini msiba wa kujitakia hauna pole, na msiba ule mji mzima tuliutaka, yeye akaletewa.

Baada ya matanga wazee wakakutana. Mhina akaja mwenyewe, mtu mzima analia, akasema yuko tayari kung'oa dishi lake na kuchoma ule ubao. Walibishana sana. Wengine walitaka Ubao uwe namba nne kila nyumba. Bi Chausiku ndiye aliyekataa. Akasema namba nne asiitamke mtu mbele yake, wala isitumike kwa habari ya kifo. Akasema Ubao uwe namba moja, ili mtu akiwasha aanze na habari ya mwenzake kabla ya starehe yake. Ikapita. Mhina akazunguka nyumba zote za mji, akaingia kwa kila mtu, akapanga namba moja kwa mkono wake. Na pia wakakubaliana kwamba miguu irudi: Ubao uandike, lakini mtoto wa marehemu aendewe na mtu, hata kama nyumba zimepakana.

Na kwa majuto yetu tukaona haitoshi. Tukataka kumheshimu. Tukasema kituo kiitwe Mwantumu, ili tusisahau. Hakuna aliyekwenda kumuuliza yeye anaonaje, tuliandika tu ubaoni.

Na tangu siku hiyo, mkwe wangu, namba moja ya Kwemlandi ni ubao mweusi, na jina lake Mwantumu. Watu wana ving'amuzi leo, lakini waya huu hawajaukata. Asubuhi mtu akiamka anawaambia wanawe, "Hebu washeni Mwantumu tuone nani kafa." Watoto wetu walikua wanalisikia hivyo, jina na kifo pamoja, na yeye mwenyewe akipita njiani na kikapu chake walikimbia kujificha nyuma ya mama zao. Aliishi miaka mingi akiona hayo. Hakumgombeza mtoto hata mmoja. Binti yake alipozaa mtoto wa kike, Mwantumu alimwomba amrithishe jina lake, kama ilivyo ada yetu bibi kurithiwa na mjukuu. Binti akainama, akasema, "Mama, nisamehe, hilo siwezi kumpa mtoto." Na mpaka leo, mji huu wote, hakuna aliyempa mtoto jina hilo.