Picha ya Mheshimiwa Kapalata

Kundi la WhatsApp la wahandisi lilikuwa na kanuni moja: siasa marufuku. Aliyeitunga ni Mhandisi Rwegoshora, tajiri wa kokoto na mwenye kundi, na aliyeivunja kila asubuhi ni yeye yuleyule. Waliothubutu kumjibu aliwatoa, na aliyetolewa hakusikia tena tangazo la kazi.

Siku moja akamwingiza kundini mgombea wake, Mheshimiwa Kapalata, ajionee anavyopendwa. Kisha akampigia simu Siwema, mhandisi wa maji mwenye ulimi mtamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nikimtaja Mheshimiwa, uwe wa kwanza kuandika. Wenzako watafuata. La sivyo nakutoa."

"Nitaandika, mzee. Ila kanuni yako je? Weka picha yake tu, usiandike neno. Nani atasema picha ni siasa?"

"Una akili, binti."

"Weka ile ya suti nyeusi. Ina heshima."

Rwegoshora akaiweka. Papo hapo Siwema akaandika chini yake: "Poleni sana wafiwa. Mungu ampumzishe kwa amani."

Basi! Wasomi wale, ambao tangu kundi lianze hawajawahi kusoma ujumbe wa juu, wakamiminika. "Poleni sana." "Tulimpenda." "Mazishi lini?" Mhazini akaweka namba ya kutuma rambirambi.

Kapalata akajitoa kundini bila kuaga.

Rwegoshora akaandika kwa herufi kubwa: "JAMANI, YUKO HAI!"

Wahandisi wakajibu, mmoja baada ya mwingine: "Amina."