Sauti Nyuma ya Mashuka

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinagonga gizani, taratibu, kikiinuliwa na mvuke na kushuka tena. Umeme ulikuwa umekatika magharibi ile, na nyumbani kwa Bibi Skola, pale Kondoa, hakuna aliyehangaika kutafuta mshumaa, maana maharage hayahitaji taa ili yaive. Domitila, mjukuu wake wa kidato cha pili, alifunga kitabu cha baiolojia kwa kishindo.

"Afadhali giza," alisema. "Zea mays, Zea mays. Mahindi si yaitwe mahindi tu? Mwalimu mwenyewe anasema hicho Kilatini hakina wenyewe, walishakufa zamani. Tunateswa na lugha ya marehemu."

"Mto mkavu, njia ya wote," Bibi Skola alisema kutoka upande wa jiko.

"Ndiyo nini hiyo, Bibi?"

"Ndiyo hiyo uliyoisikia."

Tadei, mdogo wake Domitila, ambaye hajaanza shule, alisogea mpaka akaukalia upindo wa kanga ya bibi yake. "Nani alisema?"

"Methali hii ina kwao, na kwao ni hapa hapa," Bibi Skola alisema. "Haikutoka kitabuni. Ilimtoka bibi yangu mzaa baba, siku anarudi nyumbani na mama yangu. Tulieni niwaambie ilivyozaliwa."

Mama yake Bibi Skola aliitwa Perpetua. Alikuwa yatima, akalelewa na masista kwenye misheni ya milimani, na pale misheni alikuwako padre mmoja mzee, Mtaliano, mwenye magoti mabovu. Padre yule alikuwa na kazi mbili, sala na majani. Alikusanya majani na maua ya porini, akayabana katikati ya magazeti yakauke, kisha akayabandikia majina. Kwa kuwa hakuweza kuinama, Perpetua ndiye aliyekuwa mikono yake. Mtoto anachuma, padre anataja. Siku moja aliletewa tawi la mkwaju, akaliita Tamarindus indica, akaeleza kuwa hilo neno la pili maana yake ni wa Uhindi.

"Lakini huu umeota hapa nyuma ya jiko," Perpetua akasema.

Padre alicheka mpaka akakohoa. "Aliyeupa jina hakufika nyuma ya jiko." Kisha akamweleza kwamba jina hilo, mtu akiliandika hapa milimani, Mreno atalisoma, Mswidi atalisoma, na mtu wa Brazili vilevile, na wote watauona mti ule ule. Hivyo ndivyo Perpetua alivyokipata Kilatini, kidogo kanisani na kidogo porini, mpaka ikawa jioni wanazungumza wao wawili, padre akinyoosha anapopinda, mtoto akipinda tena kesho yake.

Ilipokuja vita kuu ya pili, serikali ya Kiingereza ikamchukua padre kwa sababu ni Mtaliano. Alipandishwa lori asubuhi, hata majani yaliyokuwa yanakauka hakuyafunga. Hakurudi tena.

Perpetua akaolewa huku bondeni na Gwandi, kijana mpole. Kabla hawajazoeana vizuri, Gwandi naye akaandikishwa jeshini na kupelekwa Burma. Nyumbani akabaki bi harusi na mama mkwe wake, Mama Mbula, mwanamke wa maneno machache na makavu. Upweke wa Perpetua ulikuwa wa namna mbili. Ule wa mume kila mtu aliuona, akapewa pole kisimani na sokoni. Wa pili haukuonekana. Alikuwa na lugha nzima kichwani, na hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Ndipo walipoletwa Wapolandi. Walikuja kwa malori, wengi wao akina mama na watoto, watu waliofukuzwa kwao na vita, wakavuka nchi za theluji, wakavuka Uajemi na bahari, wakashushwa hapa Kondoa wamekonda kama fito. Wakajengewa kambi. Kambi ikataka wafuaji, na Perpetua akapata kazi. Mama Mbula naye akawa anauza viazi vitamu langoni. Kila asubuhi walifuatana kwenda, na walipita mtoni. Mito ya huku kiangazi hukauka ikabaki mchanga mtupu, na watu huziacha njia za juu zenye miiba wakapita mle ndani, maana ni pana, ni laini, na inafika kila mahali.

Kazini Perpetua alianika mashuka, na mashuka lazima yahesabiwe. Aliyahesabu kwa Kilatini. Hakuwa anajionyesha, ila ndivyo padre alivyomzoesha kuhesabu majani, na ilikuwa nafasi pekee iliyombakia ya kuyasikia maneno yale yakitoka kinywani mwa mtu, hata kama mtu mwenyewe ni yeye. Wenzake hawakumwacha.

"Mtawa wa mashuka, leo malaika wamekujibu?"

"Mwacheni, anawasalimia Warumi."

Mama Mbula aliposikia habari hizo, njiani alimwambia mara moja tu, "Mwanangu ameniachia mke, sitaki akirudi akute mwehu. Waliokufa hawaongei."

"Ndiyo, mama," Perpetua akajibu. Siku zilizofuata akahesabu kwa sauti ya chini.

Asubuhi moja ya upepo alikuwa katikati ya kamba zake, mashuka yanampiga usoni, anahesabu. "Quinque, sex, septem, octo..." Akakwama. Neno la tisa halikuja. Alirudi nyuma kidogo, akaanza tena, akafika nane, akakwama palepale. Alikuwa kama mtu aliyetia mkono mfukoni akakuta tundu. Basi ndivyo lugha inavyoondoka, akawaza, neno moja moja, na hakuna hata wa kumkumbusha.

"Novem," sauti ikasema nyuma ya shuka.

Perpetua aliinua shuka. Alikuwa amesimama msichana wa kama miaka kumi na mmoja, nywele zimekatwa kama za mvulana, amemshika mkono mtoto mdogo wa kiume. Alikuwa Bronia, ambaye kambi nzima ilimwita bubu. Mama yao alizikwa njiani, kule Uajemi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akitamka neno, hata kwa Kipolandi, hata kwa ndugu yake Stasi, ambaye alimlisha, alimvika na kumlaza bila sauti. Baba yao, Perpetua alikuja kujua baadaye, alikuwa mwalimu wa Kilatini shuleni kwao, na askari walimchukua kabla ya wote. Mtoto wa mwalimu hawezi kuona hesabu inaachwa njiani.

"Decem," Perpetua akasema polepole.

Msichana akamtazama, kisha akamvuta ndugu yake, wakaondoka.

Perpetua alikwenda mbio kwa Seif, nyapara wa wafuaji. "Yule mtoto si bubu. Amesema."

"Amesema nini?"

"Tisa."

Seif alitazama kulia na kushoto. "Tisa nini? Mashuka?"

Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini Seif hakucheka sana. Alikuwa mtu wa haki, na alikuwa na habari nyingine. "Dada, hata angesema kumi. Daktari na Bi Helena, yule mlezi wa mayatima, wameshaamua. Keshokutwa lori linampeleka Dodoma, hospitali ya wagonjwa wa akili. Wanasema mtoto asiyesema miaka miwili ana ugonjwa, na hapa hakuna wa kuutibu."

"Na mdogo wake?"

"Mdogo wake anabaki."

Siku iliyofuata Perpetua alihesabu kwa sauti kubwa, bila kujali anayecheka. Alifika nane akanyamaza, akangoja. Upepo ulipiga mashuka. Hakuna aliyejibu.

Lori lilipokuja, injini iliachwa ikinguruma mbele ya ofisi. Perpetua alitoka kwenye mabeseni, mikono inatona maji ya sabuni. Daktari wa kambi, Mwingereza, alikuwa barazani. Bi Helena alikuwa amempakata Stasi, na Stasi alikuwa analia kilio kile cha mtoto ambaye hajaambiwa kitu lakini amejua. Bronia alisimama karibu na tairi, midomo imefungwa.

"We mama, rudi kazini," askari wa kambi akasema.

Perpetua hakurudi. Alisimama mbele ya msichana, na hapo akaona umaskini wake. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya sala na ya majani. Hakujua lori linaitwaje, wala hospitali, wala namna ya kumwambia mtoto kwamba wanakutenga na ndugu yako kwa sababu hukusema. Kisha akakumbuka swali ambalo padre humuuliza anayekuja kubatizwa, pale mlangoni pa kanisa, kabla hajaruhusiwa kuingia.

"Quid petis?" alisema. Unaomba nini?

Msichana alimtazama. Daktari ndiye aliyegeuka. Udaktari wake aliusoma kwa vitabu vilivyojaa lugha ile, mifupa na dawa na majina ya magonjwa. Alimwinulia dereva mkono, injini ikazimwa.

Perpetua akachuchumaa. Mikono yake ilikuwa imelowa, akamshika hivyo hivyo. "Quid petis, Bronia?"

"Fratrem," msichana akasema. Sauti ilikuwa na kutu. Akameza mate. "Fratrem meum."

Ndugu yangu.

Bi Helena, aliyesikiliza misa tangu utoto, alianza kulia kabla hajatafsiriwa. Akamweka Stasi chini, na Stasi akajua pa kukimbilia. Daktari alishuka ngazi, akazungumza na dereva, na lori likaondoka tupu. Kisha akamwendea Perpetua, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Wewe jifunza wapi?"

"Kwa padre wetu, bwana."

"Yuko wapi padre?"

"Mlimchukua, bwana."

Daktari alivua kofia, akaivaa tena, akaingia ndani.

Mama Mbula aliyaona yote kutoka langoni, na viazi vyake. Wakati wa kurudi walipita mtoni kama kawaida, mama mkwe mbele. Walikwenda kitambo ndipo akauliza.

"Yule daktari na yule mtoto ni wa kabila moja?"

"Hapana, mama. Hata wao hawasikilizani."

"Na wewe si wa kwao."

"Si wa kwao."

"Sasa lugha ile ni ya nani kati yenu?"

"Si ya mtu, mama. Wenyewe walikuwa Warumi. Siku hizi hakuna mtoto anayebembelezwa nayo."

Mama Mbula alitembea. Mchanga ulikuwa na nyayo za kila aina, za watu, za mbuzi, za punda.

"Masika," alisema, "huu mto una mwenyewe, maji. Wewe unakaa ng'ambo yako, mimi yangu, tunapigiana kelele na hatusikilizani. Mwenyewe akiondoka, anapita kila mtu." Akatua kikapu, akakitupia bega la pili. "Mto mkavu, njia ya wote."

Neno hilo hakulisema kwa kujivuna. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya viazi. Hatua chache mbele akaongeza, "Nilikuona mwehu."

"Najua, mama."

"Kesho kampelekee mtoto viazi. Amekonda."

Kuanzia hapo Perpetua alikuwa na wa kumjibu. Jioni, kazi ikiisha, Bronia alikaa naye kwenye kamba za mashuka, wakabadilishana walichonacho. Bronia ndiye aliyemwonyesha kwamba ndani ya Septemba kuna saba, ndani ya Oktoba nane, Novemba tisa na Desemba kumi, kwa kuwa Warumi wa kale walianza kuhesabu mwaka mwezi Machi. Perpetua alishangaa sana. Miaka yote alikuwa anawataja Warumi kila anapotaja tarehe. Polepole Bronia akaongea Kipolandi tena, na Kiswahili pia, tena Kiswahili cha Kondoa, chenye matusi yake.

Vita viliisha. Gwandi alirudi. Kambi ikaanza kufungwa, na Bronia na Stasi wakapangiwa meli ya kwenda Australia. "Hilo jina nalo ni Kilatini," Bronia alimwambia siku ya kuagana. "Maana yake nchi ya kusini." Perpetua akamuuliza kama ni mbali. Bronia akasema hajui. Walishikana mikono mpaka lori likapiga honi.

Bibi Skola alinyoosha miguu. Kifuniko cha sufuria kilikuwa kimetulia, moto umepungua, na hakuna aliyeinuka kuuchochea.

"Mimi nilizaliwa baada ya hapo," alisema. "Baba alikuwapo, bibi alikuwapo, watoto tulijaa nyumba. Lakini nikimfuata mama mle mtoni kwenda shamba, nilimsikia anauliza neno, halafu ananyamaza, anatembea kidogo hivi, kama mtu anayempisha mwenzake aseme. Kisha anauliza tena. Nilidhani anasali. Nilikuja kujua kuwa ni Kilatini nikiwa mtu mzima, mama hayupo tena."

"Barua hazikuja?" Domitila aliuliza.

"Ilikuja moja. Halafu basi. Dunia ni kubwa, mjukuu wangu." Bibi Skola alivuta kanga, akamfunika Tadei miguu. "Basi hiyo Zea mays yako iseme, usiionee haya. Anayeisoma kule Brazili ameyaona mahindi yako. Bibi yangu hakujua kusoma, lakini hilo aliliona kwenye mchanga. Mto mkavu, njia ya wote."

Domitila alikivuta kitabu chake karibu. Walidhani Tadei amelala, lakini aliinua kichwa gizani.

"Bibi, mimi ningemjibu mama yako."