Kwa Nini Wafinyanzi wa Kirero Huponda Kazi ya Kwanza

Zamani, kabla babu wa babu zenu hajaota meno, wafinyanzi wa mlima Kirero hawakushika udongo ovyo. Ilikuwa lazima waote kwanza. Mzimu ulimjia mfinyanzi usingizini, ukamwonyesha nakshi, naye akaamka na kuichora kwenye chungu. Asiyeota alikaa bure, hata kama jirani zake walipikia magae.

Siku hizo aliishi mwanamke aitwaye Nakijwa, mjukuu wa Bibi Namkunda. Bibi huyo ndiye aliyefinyanga chungu cha tambiko la mvua kila mwaka, mpaka alipofariki na kumwachia Nakijwa kazi na tanuri. Mwaka ule mashamba yalikauka, na Mzee Mbonea, kiongozi wa tambiko, akaja kwake.

"Mjukuu wangu, tunangoja chungu. Mwezi ukiandama hujaota, tutakwenda kwa wafinyanzi wa ng'ambo, na tanuri la bibi yako tutalibomoa."

Nakijwa aliogopa sana. Bibi ndiye aliyemlea, na hakutaka jina lake lifie mikononi mwake.

Basi afanyeje? Akalala. Akalala asubuhi, akalala mchana, akalalia ubavu huu na ule. Mtu mmoja alimwambia maharage huleta ndoto, akala maharage, yakamletea mambo mengine. Wifi yake Senzia, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, akamchungulia mlangoni.

"Wifi, wenzio huamka na ndoto, wewe waamka na alama za mkeka shavuni!"

Nakijwa alicheka, lakini swali lilimkereketa. Bibi aliyempenda vile, mbona haji? Kwani walikosana nini?

Mwezi ukakaribia kuandama. Asubuhi moja alipita penye udongo aliouloweka, akaona umeanza kukauka pembeni. Akauonea huruma. Akachukua bonge, akalikanda ili tu lisiharibike. Mkono una mambo yake, na mara bonge likawa kibakuli. Kidole gumba kikaacha kishimo ukingoni. Akajiuliza, je, kikifuatwa na kingine? Akaweka kingine. Havikupendeza, akakiponda kibakuli, akaanza upya, safari hii kwa ukucha. Na je, nikiinamisha? Mistari ikateremka mshazari ubavuni, kama mvua inayosukumwa na upepo. Nywele zikamsimama. Akavuta udongo wote, akafinyanga chungu kikubwa chenye nakshi ileile, bila kukumbuka hata kula.

Alipomaliza, usingizi ukamchukua palepale, mikono ina tope. Bibi Namkunda akamjia, amenuna.

"Shikamoo, bibi. Nimekungoja sana kitandani."

"Marahaba. Kitandani nifuate nini, na mimi ni mfinyanzi? Kila kukicha naketi hapa penye udongo, nakungoja wewe uamke!"

Wazee walipokuja kukitazama chungu, Nakijwa angeweza kuwadanganya. Hakutaka. Akawaambia kweli, kwamba chungu kilitangulia na ndoto ikafuata. Zogo likazuka. Wengine walisema huo ni ufidhuli, mizimu itatuadhibu sote. Mzee Mbonea alikizunguka chungu, akiinama hapa na pale.

"Tusigombane, moto upo," akasema. "Mizimu isipokitaka, itakipasua tanurini."

Kilipokauka kikachomwa. Nakijwa alisimama karibu hadi uso ukamwiva, na kila ukuni ulipoalika alidhani ni chungu. Moto ulipopoa, Mzee Mbonea akakitoa, akakigonga kwa kidole. Kikalia vizuri, hakikuwa na ufa. Kikapelekwa tambikoni, na mvua ikanyesha. Nakijwa alilia kwa furaha mbele ya watu wote, wala hakujifuta.

Na tangu siku hiyo, mfinyanzi wa Kirero akiamka, kabla ya uji, kabla hata ya kuzungumza na mumewe, huenda kwenye udongo akafinyanga kidude kisicho na kazi yoyote, akakitazama, kisha akakiponda. Ndipo huanza kazi ya siku. Ukimuuliza anafanya nini, atakuambia usimcheleweshe, kuna mtu amefika kazini kabla yake.