Piko Ikiwasha, Imeshika

Hapo zamani, wala si zamani ya kutafutwa, ni mwaka juzi tu, mtaani kwetu Tanga kulikuwa na fundi cherehani jina lake Shemsa. Haya, sogeeni. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele nitaona haya hata mimi.

Shemsa aliwashonea wenzake magauni ya harusi mpaka zamu yake ikafika, mfungo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Mama yake alikuwa mgonjwa, akila kwa kazi ya vidole vya binti huyo. Ikaja siku ya hina, akaitwa Bi Mwanaheri kumchora. Na mnajua siku hizi, hina peke yake haitoshi, lazima itiwe piko, ile dawa ya kutia nywele weusi, ndiyo maua yatoke meusi tititi. Piko yenyewe ilikuwa ya kopo jipya sokoni, lina picha ya tausi, halina jina la kiwanda wala tarehe.

Na sisi wanawake wa mtaa ule tulikuwa na neno letu: piko ikiwasha, imeshika. Ukilalamika unaambiwa tulia, ndiyo inakolea hiyo.

Sasa sikilizeni nani alijua nini kabla ya siku hiyo.

Wa kwanza kujua ni Hidaya, mke wa mwalimu. Alichorwa mwezi wa Shaabani, akatoka malengelenge. Huyu msimwonee, alijitahidi. Alilifunga kopo kwenye kanga, akaenda hadi ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya bidhaa. Akalifungua kopo mezani, mbele ya bwana mmoja mpole, kalamu mkononi.

"Karibu mama. Ulipaka wapi?"

Masikini, Hidaya alikuwa amechorwa pajani. Ua hilo lilikuwa la mumewe peke yake.

"Samahani kaka," akasema, "nilikuwa nauliza choo kiko wapi."

Akaonyeshwa choo. Akatokea mlango wa nyuma na kopo lake. Akanyamaza, na piko ikaendelea kuuzwa.

Wa pili kujua ni Bi Mwanaheri mwenyewe. Kila akikoroga kopo la tausi, ncha za vidole zinamchubuka. Akavaa glavu. Jamani! Yeye kavaa glavu, wenziwe anawapaka mikono mitupu. Wateja wawili wakamrudia wamevimba, akawaambia damu zenu hazipatani nayo. Aliogopa ikisemwa hina yake inaunguza, nani atamwita tena? Akanyamaza, na piko ikaendelea kuuzwa.

Wa tatu... wa tatu ni mimi. Msinikodolee macho. Mimi ndiye niliyekuwa somo wa Shemsa, niliyemfunda. Idi ya kumaliza Ramadhani hiyo niliungua mguu kwa piko hiyo hiyo. Nikavaa soksi na joto lote lile, nikamwambia nesi nimemwagikiwa mafuta ya maandazi, naye akaandika mafuta ya maandazi. Mtu mzima na wajukuu, ningesemaje kwamba nimejichora maua kama mwari? Nikanyamaza, na piko ikaendelea kuuzwa.

Basi Shemsa kakaa mkekani, mikono juu ya mto. Haikupita nusu saa, akaninong'oneza:

"Somo, inaniunguza."

"Vumilia mwanangu. Ikiwasha, imeshika."

"Somo, nakuomba, niache ninawe."

Nikamshika mikono. Mimi, kwa mikono yangu hii, nikamshikilia mpaka piko ikakauka, na vigelegele vinapigwa.

Asubuhi vidole vimevimba, pete haipiti. Ndoa ilifungwa hivyo hivyo. Ngozi ilipona baadaye, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vilijikunja visinyooke tena. Sindano haishiki.

Tukaenda watatu kumwomba radhi. Tumefika mlangoni, kila mtu anajitetea.

Hidaya akasema, "Ningeandikisha mimi, kopo lingeondolewa hata kabla ya Ramadhani. Lakini nilifika mezani. Nyinyi mlifika wapi?"

Bi Mwanaheri akasema, "Nimechora, sikatai. Lakini mngeniambia mmeungua, ningelitupa. Mlikuja kunisifu maua yamekolea!"

Mimi nikasema, "Mimi sikuchora wala..." Nikaificha mikono yangu ndani ya kanga.

Shemsa akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Radhi nitawapa. Lakini kwanza nendeni mkaliandikishe lile kopo. Mwenye kosa kubwa aanze yeye, ataje jina lake na alivyolijua, asikike. Wengine wafuate. Mkishamaliza, mje."

Tukaondoka. Na mpaka leo, Mungu anisamehe, tunasukumana. Jana nimepita dukani, tausi wamepangwa rafu nzima. Ijumaa kuna hina ya binti mwingine, na somo wake ameshanunua.

Nisaidieni basi. Aliyefika mezani akarudi, aliyevaa glavu, au aliyeshika mikono: je, nani alistahili kutangulia kwenye ile meza?