Jani Mbele ya Mtutu

Kaeni vizuri, wapendwa. Mama mwenye mtoto mgongoni, mshushe naye apumue, maneno yangu leo hayatakuwa marefu. Na ninyi wazee wa upande wa dirishani, mnaoshinda shambani mkilinda mahindi halafu mnakuja kusinzia hapa kanisani kwangu, leo hamtasinzia. Nataka kuzungumza habari za gobore.

Kulikuwa na mkulima mmoja, mtu mzima, mwenye wajukuu, aliyerithi gobore kwa baba yake. Vijana mliokulia mjini pengine hamlijui, ngoja niwaeleze. Ni bunduki ya zamani inayoshindiliwa kwa mbele. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unafuatisha matambara, unashindilia kwa ile fimbo yake ndefu. Huku nyuma kuna kichuma kidogo chenye tundu jembamba, sindano inapita kwa shida. Juu ya hicho kichuma unavalisha fataki, kama kofia ndogo. Ukivuta kifyatulio, nyundo inagonga fataki, fataki inatoa moto, moto unapita kwenye lile tundu mpaka kwenye baruti, na hapo ndipo kijiji kizima kinajua kwamba umeamka. Mzee Mapunda, usitabasamu, sijasema ni wewe.

Huyu babu hakuwa mwindaji. Hata kanga hajawahi kuua. Gobore lake alilishindilia baruti na matambara tu, bila risasi, kwa kazi moja ya kufukuza nyani. Shamba lake lilikuwa chini ya kilima, na mahindi yakianza kukomaa nyani wanateremka mchana kweupe, bila haya, kama waliolima wao. Babu akilipua mara moja tu, hawaonekani tena kwa siku kadhaa. Na shamba lenyewe ndilo hilo moja. Likiliwa, yeye na bibi yake watashika bakuli wakaombe kwa majirani.

Mwaka huo nyani wakateremka. Babu akashindilia, akavalisha fataki, akaelekeza mtutu juu, akavuta. Fataki ikalia, ta. Basi. Akasubiri kidogo, maana gobore wakati mwingine huchelewa kulia, na mwenye akili haharakishi kulichungulia. Kimya. Kulikuwa na nyani dume mmoja mkubwa pale kwenye tuta. Akamtazama babu, akavunja hindi, akalimenya polepole huku bado anamtazama. Jamani, dharau ya mtu unaweza kuivumilia. Dharau ya nyani inauma.

Babu akabadilisha fataki. Ta. Akafikiri labda zimepata unyevu, akazianika kwenye ungo juani. Ta. Akaona labda hazikai sawasawa, akazibana kidogo kwa vidole zishike kile kichuma barabara. Ta. Akatia mafuta kwenye nyundo ili igonge kwa nguvu. Nyundo ikagonga vizuri sana, na gobore likakaa kimya vilevile. Kila siku nyani wanasogea tuta moja, na yeye anarudi nyumbani hataki hata kula.

Sasa, fataki zile alizinunua kwa rafiki yake, fundi wa magobore. Hao walibatizwa siku moja, wakaoa mwaka mmoja, wakazikiana wazazi. Babu akamfuata gulioni, akamkuta amepanga vitu vyake kwenye turubai, watu wamemzunguka.

"Umeniuzia maganda," akamwambia.

"Mwenzangu, zinalia au hazilii?"

"Zinalia, lakini hazina moto. Uzee umekuingia, umeanza kuuzia watu uchafu. Huu ni wizi."

Mbele za watu, wapendwa. Fundi alikunja turubai lake, akaondoka kabla gulio halijachangamka.

Habari hizo zilimfikia bibi kabla mumewe hajafika nyumbani. Mnajua habari za gulioni zinavyokimbia. Alipoingia tu, bibi akamwambia, "Mzee wangu, nyani wanakula mahindi, na wewe unakula marafiki. Mwisho wa mwaka tutabaki na nini?" Babu akajifanya anatafuta kiatu.

Kesho yake, asubuhi, nani anaingia uani? Fundi, na mfuko wake wa vifaa, na gobore lake mwenyewe begani. Babu akasimama, hajui aweke wapi mikono.

"Usijisumbue," fundi akasema. "Sikuja kwa ajili yako. Nimekuja kwa ajili ya mahindi ya shemeji."

Akalichukua gobore la babu. Kwanza akavua fataki, akamimina maji kwenye mtutu mpaka baruti ikawa uji, akavuta matambara kwa chuma kilichosokotwa, akausafisha na kuukausha mtutu wote. Hilo msilisahau, ninyi mnaopenda kuchokonoa bunduki ikiwa na baruti ndani. Kisha akachuma jani la mbaazi, akaliweka chini, akauinamisha mtutu mbele ya lile jani, karibu kuligusa. Akavalisha fataki.

"Tundu likiwa wazi," akasema, "pumzi ya fataki itapita humu ndani itokee mbele, na jani litaruka. Tazama jani."

Akavuta. Ta. Jani halikutikisika.

"Si unaona," babu akasema, "fataki zako hizo."

Fundi akatoa fataki nyingine kutoka kwenye kopo lile lile la babu, akaivalisha kwenye gobore lake mwenyewe, ambalo nalo halikuwa na kitu ndani. Akaliinamishia jani lile lile. Ta. Jani likaruka mpaka kwa kuku.

Fundi akawa anakuna kidevu. Bibi alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko anachambua maharage. Akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, bila hata kuinua kichwa, "Mzee wangu, ile nta ya nyuki uliyoniomba alipokuja mjukuu, uliipaka wapi?"

Wapendwa, kulikuwa na mjukuu. Mwaka uliotangulia aliletwa kutoka mjini kukaa na babu yake, mtoto mtundu, mikono haitulii, kila kitu anataka ashike. Babu alimpenda kuliko anavyoweza kusema. Akatoa baruti yote kwenye gobore, akalitundika juu. Moyo wake haukutulia. Je, mtoto akiparamia kinu akalifikia? Je, kama kuna chembe ya baruti imebaki humo ndani? Ndipo akaomba nta, akaisokota, akaisukumiza kwenye lile tundu mpaka likajaa. Hata moto uwake huku nje, ndani hautaingia. Usiku ule akalala vizuri. Mtoto akacheza, akanenepa, likizo ikaisha, akarudi mjini kwa mama yake. Nta ikabaki.

Fundi akafungua kile kichuma, akakisogeza kwenye makaa ya bibi. Nta ikayeyuka. Jiko lote likanukia asali. Akapitisha sindano, akakirudisha mahali pake, akaweka jani jipya, akavalisha fataki moja ya zile zilizoitwa uchafu. Jani likaruka.

Babu akakaa chini kwenye vumbi, mtu mzima yule. "Nimekuita mwizi mbele za watu," akasema.

"Uliniita mzee pia," fundi akamjibu. "Hilo ndilo lililoniuma."

Babu akacheka, machozi yanamtoka. Wakashindilia pamoja, wakaenda shambani pamoja, na yule dume kwenye tuta akawatazama kwa dharau yake ya kila siku. Safari hii gobore lilipolia, aliacha hindi, akaacha na heshima yake hapo hapo. Mahindi yaliyobaki yaliwatosha. Na siku ya gulio babu alisimama mbele ya lile turubai, mbele ya watu wale wale, akaitaja ile nta kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Sasa nawauliza. Nani aliziba lile tundu? Adui? Fundi? Nyani? Aliziba mwenyewe. Na tusimcheke, maana hakuziba kwa ubaya. Aliziba kwa sababu alikuwa na kitu cha kulinda.

Na sisi je? Wewe mama, kuna siku ulifiwa, na uliowategemea hawakuja hata kukaa nawe mkekani. Ukajiambia, sitamtegemea mtu tena. Uliziba. Wewe ndugu, kaka yako wa tumbo moja alikufanyia jambo, ukaona ukiendelea kumfungulia moyo atakumaliza. Uliziba. Mimi sikulaumu. Siku ile huenda ulifanya vizuri, maana hatari ilikuwepo kweli ndani ya nyumba.

Lakini mtoto amesharudi mjini, ndugu yangu. Hatari imeondoka zamani, na wewe bado umeziba. Unakuja hapa, unaimba, unapiga magoti, fataki inalia vizuri kabisa, na ndani ni kimya. Mtoto wako akikuambia anakupenda, ta. Kaka yako akituma salamu, ta. Halafu tunaanza kutafuta wa kulaumu. Kwaya siku hizi imepoa. Mahubiri ya Padre hayana moto. Eti Padre anazeeka. Nimesikia, na hilo ndilo linaloniuma.

Nta haitoki kwa kugongwa na nyundo, mmeona wenyewe. Babu aligonga mpaka akachoka. Inatoka ikikaa karibu na moto, na sisi tunajua moto huo ni wa nani. Ametuita tuje tuketi karibu naye, na nta zetu, bila kuona aibu kwamba ni sisi tuliozisukumiza humo.

Hivi punde tutatakiana amani. Najua mnavyofanya. Mkono unatolewa huku macho yanatazama mlangoni, na wapo watu wawili humu ndani, siwataji, ambao kila Jumapili huchagua mabenchi ya mbali ili mikono yao isifikiane. Leo nawaomba, atoke mmoja, avuke. Sitasikiliza mtakachoambiana. Mimi nitakuwa nimesimama hapa mbele, natazama jani.