Nani Kaona?

Hadithi, hadithi!

— Njoo!

Ije na uongo au ije na kweli?

— Ije na vyote, tutachambua wenyewe!

Haya, sogeeni. We unayesinzia, utasinzia baadaye.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema, palikuwa na Mama Nungunungu na wanawe pacha, Kulwa na Doto. Mfalme wao alikuwa Nyati. Ng'ambo ya kijito waliishi Ngiri.

Siku moja Mfalme akapiga ngoma ya vita. Eti Ngiri wamechimba shimo la sumu! Vijana wakaenda, wakapigana, wakalikuta shimo. Ndani mna nini? Matope ya kuogea! Kulwa hakurudi. Mama yake alilia mpaka machozi yakamkauka, akabaki na Doto.

Masika yakapita, ngoma ikalia tena. Ndi! Ndi! Ndi!

"Ngiri wananoa meno watuvamie," akasema Mfalme. "Kila nyumba itoe kijana mmoja."

"Kaa hapo hapo, Doto. Usiguse mshale," akasema Mama Nungunungu, akashika njia. Hofu alikuwa nayo, lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Shikamoo, Mfalme. Meno hayo nani kaona?"

"Marahaba. Muulize mpelelezi wangu, Nguchiro."

Akaenda kwa Nguchiro. "Nani kaona?"

"Mimi sikuona, nimesikia kwa Kunguru. Kunguru huruka juu, hapitwi na kitu."

Akaenda kwa Kunguru. "Nani kaona?"

"Mimi sikuona, nimesikia kwa Kasuku. Kasuku hasahau neno."

Akaenda kwa Kasuku. "Nani kaona?"

Kasuku akacheka nusura aanguke tawini. "Kuona? Mimi husema nilichosikia. Mfalme alikuwa anagaagaa dimbwini, anajisemea peke yake: 'Sijui Ngiri wananoa meno? Pengine wananoa.'"

Salale! Habari imetoka kwa Mfalme, imezunguka mbuga nzima, imerudi kwa Mfalme imevaa kanzu mpya, naye akaikaribisha kama mgeni!

Mama akarudi mbio uwanjani. Vijana wamekwisha kujipanga, na Doto yumo, mkaidi yule! Akasimama mbele ya wote, akaeleza habari ilikozunguka.

"Mfalme, maneno ni yako, na wewe hukuona. Kulwa wangu alikufa kwa ajili ya matope. Huyu simtoi."

Nguchiro akajitia kuangalia kucha zake. Nyati angeweza kumkanyaga mama yule pale pale, wafalme wamekanyaga watu kwa dogo kuliko hilo. Lakini akainamisha pembe.

"Ni kweli, mama. Hata lile shimo sikuuliza. Nilitaka liwe la sumu, basi. Nisameheni." Akampa fimbo ya ngoma. "Tangu leo ngoma hailii mpaka wewe uulize, na aliyeona aje aseme kwa kinywa chake."

Mama akaipokea huku analia. Kusamehe, hakusamehe siku ile, nisiwadanganye. Lakini fimbo aliishika.

Mwaka wa pili Mfalme akaja anahema. "Mama, fisi wanakuja, kundi zima!"

"Nani kaona?"

"Swala huyu hapa, mguu wake umeng'atwa. Nami nimekwenda, nimewaona."

Mama akalitazama jeraha, akamwuliza Swala, Swala akajibu. Akainuka mwenyewe, akapiga ngoma. Ndi! Ndi! Ndi! Hakuna aliyeuliza mara mbili, maana anajulikana aliyeshika fimbo. Hata Ngiri walivuka kijito kuja kusaidia. Fisi wakakimbia bila kuaga. Doto alitangulia mbele ya wote, na jioni akarudi, anachechemea, anadai chakula. Mama akampakulia sahani mbili, ya kwake na ya Kulwa.

Basi, watoto wangu, mkubwa anayekubali kuulizwa ndiye anayeaminiwa siku ya hatari.

Hadithi yangu imefika kwao. Uongo wake nirudishieni, kweli yake nendeni nayo.

Eti? Wewe unauliza nani kaona? Vizuri, umesikia. Mimi niliambiwa na Kasuku.